Mrija Ndani ya Kabati la Kioo: Kusoma Lebo za Makumbusho Kuhusu Busia na Tororo

Muhula uliopita, katika somo letu la lugha na utamaduni, niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili picha chache kutoka katika katalogi ya maonyesho ya sanaa za Kiafrika yaliyoandaliwa na makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Shabaha ilikuwa ndogo tu: kufanya mazoezi ya kueleza kitu kwa Kiswahili, yaani umbo lake, malighafi yake na matumizi yake. Tukafika kwenye picha ya mrija mrefu wa kunywea pombe, wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha. Lebo yake ilisema: Teso, Uganda. Mwanafunzi mmoja akainua mkono. Kwao ni Teso Kaskazini, katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Alisema kwamba mrija kama huo uko nyumbani kwa babu yake, na babu yake ni Mkenya, tena mwenye hatimiliki ya shamba ya kuthibitisha. Darasa likacheka, mazoezi ya msamiati yakaishia hapo, na mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyozaa makala haya.

Sikusudii kuwalaumu watunza makumbusho, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa fedha kidogo. Nakusudia kueleza jinsi lebo inavyopatikana, na kwa nini mtu wa Busia au Tororo anaweza kupita mbele ya vitu vya kwao katika makumbusho asivitambue, au akavitafuta kwenye orodha asivipate kabisa.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Makumbusho yametokana na kukumbusha, na maonyesho yametokana na kuonyesha. (Ndugu zetu wengi wa Tanzania huandika maonesho. Mjadala wa onyesha na onesha sitaufungua hapa, maana toleo zima lisingetosha.) Makumbusho hudumu, maonyesho huja na kwenda. Makumbusho huweza kuwa na maelfu ya vitu na kuonyesha mia mbili tu, vilivyobaki vikawa ghalani, na mara nyingi kinachojulikana kuvihusu ni yale maneno machache ya lebo. Neno la Kiingereza, kwa kupitia Kilatini na Kigiriki, linarejelea miungu wa kike wa sanaa. Letu linamrejelea mtu anayekumbushwa jambo. Mimi napenda letu zaidi, ila linazaa swali ambalo lile la Kiingereza halizai: anayekumbushwa ni nani?

Uganda ipi?

Lebo ya kawaida hutaja jina la kitu, kabila, nchi, malighafi, mwaka, na aliyekitoa au kukiuza. Katika mpaka huu, mambo mawili ndiyo yanayopotosha zaidi: nchi na kabila.

Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Uganda mwaka 1894, mpaka wa mashariki haukuwa mahali ulipo leo. Kwa miaka michache, nchi yote kuanzia upande huu wa ziwa hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mumias, Kisumu na Nandi zilikuwa Uganda. Mwaka 1902 jimbo hilo likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ikawa koloni la Kenya. Mpaka ulielezwa tena katika amri ya mwaka 1926, ukifuata mito kama vile Sio, Malaba na Lwakhakha hadi Mlima Elgon. Watu walibaki katika maboma yao. Kilichohama ni mstari.

Ushahidi mzuri ni kitabu cha C. W. Hobley, afisa wa kikoloni aliyefanya kazi Mumias katika miaka ya 1890. Kilitoka mwaka 1902, na jina lake tukilitafsiri ni Uganda ya Mashariki. Mwanafunzi akikifungua atawakuta Waluo, watu tunaowaita leo Waluhya, na Wanandi, yaani jamii ambazo leo wengi wao ni raia wa Kenya. Kitabu hicho kilipoteza uraia wake mwaka uleule kilipozaliwa.

Basi kitu kilichochukuliwa Teso au Mumias mwaka 1898 na kupelekwa Uingereza kiliandikwa Uganda, na aliyeandika hakukosea. Kosa huanza pale lebo hiyo inaponakiliwa kwenye kompyuta miaka mia moja baadaye bila mwaka wa kukusanywa, na msomaji akadhani inasemwa Uganda ya leo. Katika darasa langu nilieleza hivi: jina la nchi kwenye lebo lina tarehe yake, hata kama tarehe hiyo haikuandikwa.

Kwa upande wa Uganda nako majina yamebadilika. Eneo la Tororo liliitwa Bukedi, jina lililotokana na namna Waganda walivyowataja watu wa mashariki yao, na halikuwa na heshima. Hata hivyo limeendelea kutumiwa, na leo watu husema Bukedi bila kufikiria asili yake. Wilaya ya Busia ya Uganda ilitengwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwa hiyo anayetafuta neno Busia katika kumbukumbu za zamani za Uganda huenda akahitaji kuandika Bukedi au Tororo. Kwa upande wa Kenya itambidi aandike Kavirondo ya Kaskazini, ambalo ndilo lililokuwa jina la eneo hilo enzi za ukoloni.

Kabila lipi?

Na hapa tumefika kwenye neno linalowasumbua wanafunzi kuliko yote, Kavirondo. Wakoloni walilitumia kwa watu wa pande zote za ghuba ya ziwa, Waluo na Waluhya kwa pamoja. Walipotaka kutofautisha walisema Kavirondo wa Kibantu na Kavirondo wa Kiniloti. Günter Wagner, aliyeandika utafiti mkubwa juu ya jamii za Kiluhya, bado alitumia jina hilo kwenye jalada la vitabu vyake vya mwaka 1949 na 1956. Kumbe jina Waluhya, kama jina la pamoja la jamii hizi, lilianza kuenea katika miaka ya 1930 na 1940. Mwanafunzi anayeandika Luhya katika orodha ya vitu vilivyokusanywa kabla ya wakati huo asishangae akiambiwa hakuna kitu. Vitu vipo, ila vimelala chini ya jina Kavirondo, au Ketosh, ambalo ndilo jina walilopewa Wabukusu. Wateso wa upande huu nao wanapatikana katika maandishi ya Hobley kwa jina la Elgumi.

Kuna ugumu mwingine ambao sijaona ukitajwa mara nyingi. Lebo huandika mahali kitu kilipochukuliwa, si mahali kilipotengenezwa. Wasamia, ambao leo wanaishi Busia zote mbili, walisifika kwa ufuaji wa chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali na vilima vyao na hata kutumika kulipia mahari. Jembe la Msamia likinunuliwa na mmisionari kwa jirani wa kabila jingine, litaitwa la kabila hilo jingine hadi mwisho wa dunia, isipokuwa mtu anayejua majembe apite siku moja akasema vinginevyo.

Makumbusho yetu wenyewe hayakuepuka tabia hii. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalihamishiwa Makerere mwaka 1942 chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwanzilishi wa masomo ya sanaa chuoni hapo, na yakakaa huko hadi yalipopata jengo lake la sasa mwaka 1954. Kwa hiyo kwa miaka 12 yalikuwa kwa kweli makumbusho ya chuo kikuu. Mwaka 1953 Trowell pamoja na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda, chenye maelezo ya makini kuhusu vyungu, vikapu, ngozi na ala za muziki. Ni kazi ya thamani, na mwalimu anayehitaji michoro ya vifaa vya nyumbani hatajuta kuitafuta. Lakini jina la kitabu linagawa kazi hizo kwa makabila, na mpaka wa Uganda ndio mpaka wa kitabu. Kikapu kikivuka Malaba, kitabu hakikifuati.

Watu lakini walivuka. Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922, akasoma kwa Trowell, akawa mwalimu wa uchongaji Makerere, na ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru uliosimama Kampala tangu mwaka 1962. Mwandishi wa lebo angeandika nini hapo: Kenya au Uganda?

Nani arudishiwe?

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote si mambo ya wataalamu wa orodha tu. Zamani ningekubali. Leo sivyo, kwa sababu vitu vimeanza kurudi.

Mwezi Juni 2024, Makumbusho ya Akiolojia na Anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge yalipeleka vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, kwa mkopo wa miaka mitatu. Vingi vilikusanywa na mmisionari John Roscoe. Neno mkopo liliwachoma baadhi ya watu, na mimi ni mmoja wao, kwani ni ajabu mwenye mali kukopeshwa mali yake. Kenya nayo, kwa mradi wa pamoja kati ya Makumbusho ya Taifa, wasanii wa Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani, imekusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko nje, na mwaka 2021 kukawa na maonyesho Nairobi juu ya kutokuwapo kwa vitu hivyo.

Sasa fikiria kitu kilichoandikwa Kavirondo, Uganda, bila mwaka. Kampala wanaweza kukidai kwa sababu ya neno la pili. Nairobi wanaweza kukidai kwa sababu ya neno la kwanza, au wasikione kabisa kwa sababu hakikuandikwa Kenya. Na mwenye mrija, ambaye ana shangazi Tororo na mjomba Amagoro, haulizwi na yeyote. Serikali hurudishiana na serikali. Sidhani kuna njia rahisi ya kulitatua jambo hili, lakini nina hakika kwamba halitatatuliwa na watu wasiojua majina ya zamani ya mahali, na majina ni kazi ya watu wa lugha.

Kile ambacho lebo haisemi

Turudi kwenye mrija. Kwa bahati njema, kuna mtu aliyesoma mirija hii na pia makumbusho. Ivan Karp, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti wake miongoni mwa Wateso wa Busia ya Kenya kuanzia mwaka 1969, akatoa kitabu juu yao mwaka 1978, na mwaka 1980 makala juu ya unywaji wa pombe na maisha ya kijamii. Baadaye akawa mtunza mkusanyiko wa Afrika katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na mwaka 1991 yeye na Steven Lavine wakahariri kitabu kuhusu namna tamaduni zinavyoonyeshwa, ambacho hadi leo husomwa karibu kila mahali panapofundishwa kazi ya makumbusho. Alifariki mwaka 2011. Siwezi kuthibitisha kwamba chungu cha Wateso kilimfundisha kuyatilia shaka makabati ya kioo, lakini napenda kufikiri hivyo.

Pombe yenyewe, inayoitwa ajon kwa Kiteso na malwa sehemu nyingi za Uganda, hutengenezwa kwa wimbi (Tanzania husema ulezi). Wanawake huchachusha unga, huukaanga, huukausha, kisha huuchanganya na kimea na kuuacha uchachuke tena. Siku ya kunywa, mchanganyiko huo huwekwa ndani ya chungu na kumiminiwa maji ya moto, na maji huongezwa kadiri watu wanavyokunywa. Ndiyo sababu mrija unahitaji kichujio: ndani ya chungu kuna machicha mengi. Na ndiyo sababu ni mrefu, wakati mwingine kumpita mtu kwa kimo: watu huketi katika duara, kila mmoja na mrija wake, na chungu kimoja katikati. Anayeketi wapi, na nani, ni jambo lenye adabu zake. Karp alieleza kwamba katika duara hilo Wateso huonja ukarimu wa jirani na pia wasiwasi juu ya jirani, kwa kuwa anayekula na kunywa nawe ndiye aliye karibu nawe kiasi cha kuweza kukudhuru.

Mrija mmoja ukitundikwa peke yake ukutani kwa taa nzuri, tunaona kazi ya mkono: msuko wa kichujio, ulaini wa ufito. Si vibaya. Mwaka 1988 Susan Vogel alifanya maonyesho mjini New York ambamo aliweka wavu wa uwindaji wa Wazande, uliofungwa kama mtumba, sakafuni peke yake kama sanamu ya kisasa, na wageni wakautazama kama sanaa. Alitaka tuone kwamba ni chumba kinachokifanya kitu kuwa sanaa. Ila mrija mmoja hauwezi kunyweka. Bila chungu, bila maji ya moto, bila mama aliyechachusha, bila mrija wa pili ulioshikwa na mwenzio, ni ufito tu. Wachsmann alilielewa hilo kwa upande wa muziki, kwani katika Makumbusho ya Uganda alitaka ala zipigwe na wanamuziki, zisitazamwe tu.

Na lebo haisemi jina. Waganda huuita mrija huo oluseke, wingi enseke. Wabukusu huuita lusekhe, wingi chisekhe. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba ni neno moja, na kwamba liko katika ngeli inayolingana na U-ZI yetu, ile ya ufunguo na funguo. Kiswahili kikachukua njia nyingine, kikasema mrija, mirija. Kiteso si lugha ya Kibantu na kina jina lake tofauti, ambalo wanafunzi wetu wanaotoka huko watalitaja bila kuombwa mara mbili. Kitu kimoja, chungu kimoja, familia mbili za lugha, na mpaka umepita katikati.

Makumbusho yasiyohamishika

Kwa anayetaka kuona sanaa ya huko ikiwa bado mahali pake, ipo. Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, ni mwamba wenye pango la kivuli ambao kuta zake zimechorwa. Wataalamu wametambua mitindo mitatu: duara ndani ya duara na maumbo mengine ya rangi nyekundu, yanayohusishwa na wawindaji wa kale, kisha ng'ombe, wa wafugaji waliokuja baadaye, na mwishowe alama zinazohusishwa na Wateso wenyewe. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa turathi ya taifa. Ng'ambo ya mpaka, ukipita Tororo na Mbale hadi Nyero, kilomita chache kutoka mji wa Kumi, utakuta duara nyekundu za aina hiyohiyo. Vitabu huorodhesha moja chini ya Kenya na nyingine chini ya Uganda. Waliozichora hawakujua neno lolote kati ya hayo mawili.

Kakapel ina jambo jingine. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya uchimbaji wao chini ya mwamba huo. Walipata mabaki ya kunde ya takriban miaka 2,300 iliyopita, na ya wimbi ya angalau miaka 1,000. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mrija wa babu wa mwanafunzi wangu. Hatuwezi kusema waliolima wimbi huo walikuwa Wateso, waliofika eneo hili baadaye sana, wala kwamba waliufanya pombe. Lakini nafaka iliyomo chunguni ni ya zamani mahali pale kuliko makabila yote tunayoyaandika kwenye lebo.

Wanafunzi waliniuliza, kama ningepewa kabati moja tupu kwa ajili ya Busia ningeweka nini. Nilisema baiskeli. Baiskeli ya chuma yenye mto nyuma, ile iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, hadi wenye kuiendesha wakawa wanaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka lililotamkwa kwa ulimi wa Kiafrika: boda boda. Neno hilo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima na limehamia kwenye pikipiki. Kifaa kilicholizaa ni cha juzi tu, na kwa kuwa ni cha juzi hakuna anayeona haraka ya kukihifadhi. Wakati mirija ikipakiwa kwenye meli, nayo ilikuwa ya juzi.

Kwa walimu wanaotaka kulijaribu somo hili, si lazima kusafiri. Makumbusho mengi ya vyuo vikuu sasa yameweka orodha zao kwenye intaneti. Mwambie kila mwanafunzi atafute kitu kimoja kutoka mahali alipozaliwa, akianza na jina la leo la mahali hapo, na asipokipata arudi nyuma kwa majina ya zamani hadi akipate. Kisha aandike upya lebo yake kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi 60, akitaja jina la kitu katika lugha ya wenyewe, nani hukitengeneza, nani hukitumia na wakati gani, na kilichukuliwa mwaka gani na nani kama inajulikana. Neno kabila lisitumike. Darasa langu lilipewa wiki mbili, na wengi waliomba nyongeza, kwa kuwa ilibidi kwanza wapige simu nyumbani.